Kipande cha Manamba na Maandishi ya Kleist

Kwetu Tanga kuna sanduku la bati ambalo tangu nipate akili nimelikuta uvunguni mwa kitanda cha Bibi. Utotoni tulikatazwa hata kuliegemea. Tukimwuliza Bibi mna nini humo, alikuwa anajibu, "Mna siku zangu." Tukacheka, tukaenda zetu kucheza.

Msomaji, nataka kukusimulia habari ya sanduku hilo, na habari ya mtu mwingine kabisa aliyezaliwa Pangani mwaka 1894, na jinsi watu hawa wawili walivyonifundisha kazi ambayo shuleni sikufundishwa: kazi ya kumtafuta babu.

Katika ukoo wetu tuna hadithi moja kubwa. Hadithi yenyewe inamhusu baba yake Babu, yaani yule wa kwanza kufika Tanga. Kila penye harusi, kila penye matanga, lazima baba mdogo ainuke aisimulie. Eti mzee alitoka Ubena kwa miguu yake mwenyewe, na mkuki begani na mbwa wawili nyuma yake, akavuka mito na mapori, akafika pwani akafanya biashara ya ng'ombe, akatajirika, akaoa. Ng'ombe hao walikwendaje wote hata leo tunapanga vyumba, hilo halisimuliwi.

Mimi nilipomaliza Kidato cha Nne na matokeo yangu yasiyotajika mbele za watu, niliamua niwe mwandishi. Nikanunua kauntabuku mbili, nikaanza riwaya juu ya mzee huyo. Niliandika kurasa 140. Simba wawili aliwaua. Majambazi aliwatandika. Siku moja nikampa rafiki yangu wa kijiweni asome. Akasoma kurasa ishirini, akanirudishia. "Mshkaji," akaniambia, "huyu babu yako mbona kama Rambo?"

Niliumia, lakini alisema kweli. Mzee wangu alikuwa hachoki, haogopi, hana njaa. Hakuwa mtu. Nikajua tatizo langu: simjui. Basi nikaenda kwa aliyemjua. Bibi yangu aliolewa katika nyumba ile akiwa msichana, na mzee huyo alikuwa baba mkwe wake. Alimpikia, akamfulia, akamzika.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba, mume wangu. Leo umekumbuka nyumba?"

Nikamweleza shida yangu. Alinyamaza kitambo. Halafu akaniambia nilivute lile sanduku.

Humo mlikuwa na mambo ya kawaida tu: stakabadhi za kodi zilizofungwa kwa uzi, kadi ya TANU ya Babu, cheti cha ndoa, picha moja iliyoliwa pembe na mende. Chini kabisa, ndani ya kitambaa, palikuwa na karatasi ngumu iliyokunjwa mara mbili. Ilikuwa na namba, jina lililoandikwa kwa makosa, na visanduku vidogo vidogo. Nilivihesabu: 30. Karibu vyote vilikuwa na alama ya wino. Vinne vilikuwa vitupu.

"Hicho ni kipande," Bibi akasema. "Mume wangu, mzee hakuja na ng'ombe. Mzee alikuja manamba."

Kama wewe si mtu wa Tanga au Morogoro, huenda neno hilo halikuchomi. Sisi linatuchoma. Manamba ni kibarua wa mkonge aliyeandikishwa mbali na kuletwa shambani kwa mkataba. Walitoka Ubena, Songea, Kigoma, wengine Ruanda-Urundi na Msumbiji. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda hata chombo chao maalum cha kukusanya vibarua hao, kikaitwa SILABU. Mtu akifika shambani alipewa namba, na kwa namba hiyo aliitwa, ndipo neno manamba likazaliwa. Kipande ndicho kilichoshika siku zake. Ukimaliza kazi uliyopangiwa, kisanduku kimoja kinatiwa alama. Usipomaliza, au ukiugua, kisanduku kinabaki kitupu na siku hiyo imekufa bure. Zikitimia alama 30, ndipo mshahara. Siku 30 za kipande zaweza kula mwezi na nusu wa maisha ya mtu.

Kumbe Bibi aliposema mna siku zake humo, hakuwa anatania. Zilikuwemo siku za mkwewe, zimehesabiwa moja moja.

Nilipomwambia baba mdogo kwamba nataka kuibadilisha riwaya, alikuja juu kama moto wa kifuu. "Unataka kututukanisha? Watoto wangu waitwe wajukuu wa manamba?" Akaniambia nikichapisha neno hilo nisikanyage kwake. Nikarudi nyumbani nikazifungia kauntabuku zangu. Kuanza tena na wale simba siwezi, kuandika kipande nimekatazwa. Nilikaa miezi bila ya kuandika hata mstari.

Hapo ndipo anapoingia mtu wa pili.

Kwa muuza vitabu vya mtumba nilikuta kitabu kilichochakaa, *Modern Tanzanians*, kilichohaririwa na mwanahistoria John Iliffe na kutolewa mwaka 1973. Ni cha Kiingereza, na Kiingereza changu ni kile cha kubahatisha, lakini kwa msaada wa kamusi nilijikokota. Ndani yake mna maisha ya Watanzania mbalimbali. Moja ya sura hizo inamhusu Kleist Sykes, na aliyeiandika ni Daisy Sykes Buruku, mjukuu wake. Aliifanya kazi hiyo akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu, mwishoni mwa miaka ya 1960. Msingi wake ulikuwa maandishi ambayo Kleist mwenyewe aliyaandika juu ya maisha yake kabla hajafa mwaka 1949. Yaani babu aliandika, ukoo ukatunza, mjukuu akafungua akasoma. Wahenga walishasema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Jina la Sykes vijana wengi mnalijua kwa muziki, kwa Dully Sykes wa bongo fleva. Ni ukoo huo huo. Basi sikiliza ulikoanzia.

Mwaka 1888 watu wa pwani walikataa kampuni ya Wajerumani ipandishe bendera yake na kutawala miji yao. Pangani ilikuwa mstari wa mbele, na kiongozi aliyevuma ni Abushiri bin Salim. Kampuni ikashindwa. Serikali ya Ujerumani ikamtuma Hermann von Wissmann aje azime moto. Wissmann hakuja na Wazungu wengi. Alikusanya askari wa kukodi: Wasudani aliowapata Misri, na watu kutoka Inhambane, Msumbiji, ambao huku waliitwa Wazulu. Mwaka 1889 wakatua. Mnamo Desemba 15 mwaka huo huo Abushiri alinyongwa Pangani.

Mmoja wa askari hao wa Inhambane aliitwa Sykes Mbuwane. Huyo ndiye mtangulizi wa ukoo. Hakuja kufanya biashara wala kuhubiri dini. Alikuja na bunduki ya kukodiwa, kuwapiga watu ambao hakuwajua, kwa faida ya mtu mwingine.

Na hakuishia pwani. Mwaka 1891 Mkwawa aliangamiza kikosi cha Wajerumani pale Lugalo, nao hawakusahau. Mwaka 1894 waliishambulia ngome yake ya Kalenga na kuiteka. Sykes Mbuwane alikwenda katika vita hivyo vya Wahehe, na hakurudi. Alikufa maji katika mto Ruaha wakati wa safari ya kurudi. Mwanawe Kleist, aliyezaliwa Pangani mwaka huo huo wa 1894, hakumjua baba yake kwa sura. Alilelewa Dar es Salaam na askari mwenzake baba yake, Affande Plantan, mkubwa wa Wazulu hao.

Nilipofika hapo nilikifunga kitabu nikatoka nje. Nilikuwa nawaza hivi. Sisi kwetu tunaficha karatasi kwa sababu mzee alikata mkonge. Hakumdhuru mtu. Hawa mzee wao alikuja na Wissmann, akaenda kumpiga Mkwawa! Tena mjukuu anayaandika hayo wakati ambapo uhuru haujatimiza hata miaka kumi, nchi nzima inawasifu Mkwawa na mashujaa wa Maji Maji. Angeweza kuandika kwamba babu alikuja na mkuki na mbwa wawili. Nani angemwuliza? Lakini aliliandika jambo kama lilivyokuwa.

Sasa tazama faida yake. Kwa kuwa mwanzo haukufichwa, yaliyofuata yote yanaeleweka. Unamwona Kleist, yatima wa askari, akisoma shule ya Wajerumani na kukijua Kijerumani vizuri, kwa sababu mtoto wa askari alikuwa na njia hiyo. Unamwona akiingia jeshi la Wajerumani katika vita vya 1914 hadi 1918, chini ya von Lettow-Vorbeck. Wajerumani wanashindwa, mabwana wanabadilika, naye inambidi aanze upya na Kiingereza na kazi ya reli. Ni mtu wa mjini: hana kijiji cha kurudi, hana mashamba ya ukoo, hana chifu. Inhambane aliisikia tu. Kwao ni Dar es Salaam, Kariakoo na Gerezani, basi.

Mtu wa namna hiyo akitaka ndugu, lazima awaunde. Mwaka 1924 alifika Dokta Aggrey, yule Mwafrika mwenye sifa kutoka Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, akiwa na tume ya elimu. Kleist alieleza kwamba alikutana naye na kwamba hapo ndipo lilipozaliwa wazo la kuwa na umoja wa Waafrika. Mwaka 1929 African Association ikaundwa, Cecil Matola akiwa rais na Kleist katibu. Chama hicho hakikuuliza mtu kabila lake. Kwangu mimi si ajabu kwamba miongoni mwa waliokiasisi alikuwemo mtu ambaye kabila lake lilibaki ng'ambo ya Ruvuma. Mwaka 1933 akawa pia miongoni mwa waanzilishi wa Al Jamiatul Islamiyya fi Tanganyika, iliyojishughulisha na elimu ya watoto wa Kiislamu.

Watoto wake Abdulwahid na Ally walikwenda Burma na KAR katika Vita vya Pili vya Dunia. Waliporudi wakaingia chama kile kile cha baba yao, ambacho wakati huo kilikuwa kimekuwa TAA. Na Julai 7, 1954, chama hicho kilipogeuka TANU katika mkutano wa Dar es Salaam, vijana wote wawili wa Kleist walikuwa miongoni mwa waasisi, pamoja na Julius Nyerere na wenzao. Vizazi viwili tu, msomaji! Babu alishika bunduki kuusimika utawala wa kigeni. Wajukuu walishika kadi kuuondoa. Usione vyaelea, vimeundwa. Ukilificha fundo la kwanza la kamba hiyo, huelewi hata moja la hayo mengine.

Kuna jambo jingine lililonisisimua, nalo ni Pangani. Mwaka 1893, katika shamba la Kikogwe karibu na Pangani, Mjerumani Richard Hindorf alipanda miche ya mkonge aliyoiagiza kutoka Florida, Marekani. Aliagiza miche 1,000. Mingi ilifia safarini. Iliyofika hai ilikuwa 62 tu, na kutokana na hiyo 62 ukatoka mkonge wote ule uliokuja kuenea Tanga na Morogoro. Haya, piga hesabu. Mwaka 1889 Abushiri ananyongwa Pangani. Mwaka 1893 mkonge unapandwa jirani hapo hapo. Mwaka 1894 Kleist anazaliwa mji huo huo. Ushindi wa Wissmann ulimleta Pangani baba yake Kleist, na ushindi huo huo ndio uliompa Hindorf nafasi ya kupanda mkonge kwa amani, mkonge uliokuja kumwita baba yake Babu kutoka Ubena. Mzee wangu na mzee wao waliletwa na gari moja, kwa vile tu mmoja alipanda mapema na mwingine alichelewa.

Lakini tofauti ipo, na inaniuma. Maandishi ya Kleist aliyaandika Kleist. Kipande cha mzee wangu alikiandika karani. Yeye hakujua kusoma. Karani hakutaka kujua huyu ni nani, alitaka kujua amekata au hajakata. Hata jina alilikosea, na hakuna aliyejali, maana namba ilikuwa sahihi. Kwa hiyo karatasi nazo si za kuziamini kama msahafu. Inabidi uulize: nani aliandika, alimwandikia nani, na alitaka nini? Stakabadhi ya kodi itakwambia mwaka na wilaya, haitakwambia mtu alizipataje shilingi zile. Vitabu vya ubatizo vya misheni vitakupa jina jipya na kulifunika la zamani. Mafaili ya Wajerumani yapo katika Nyaraka za Taifa, Upanga, Dar es Salaam, na humo babu yako hayumo kwa jina. Yumo katika hesabu ya vibanda, katika jumla ya wapagazi. Waingereza nao waliacha vitabu vya wilaya, ambamo mabwana shauri waliandika habari za makabila, machifu, mito na kodi. Yote hayo ni mifupa. Nyama iko midomoni mwa wazee, na wazee hawangoji.

Kwa hiyo nilirudi kwa Bibi. Safari hii sikumwuliza mambo ya ng'ombe. Niliweka kipande mkekani tukakaa, nikamwuliza juu ya visanduku vinne vitupu. Vilikuwa siku gani?

Bibi hakujua zote. Lakini alisema mzee alikuwa na kovu la mwiba wa mkonge chini ya jicho, na alipata kumwambia kwamba alilala siku tatu kambini kwa kovu hilo, akidhani jicho limekwenda. Hiyo ni mitatu. Wa nne hajui. Akaniambia tena jambo ambalo sijapata kulisikia kwenye harusi wala matangani. Shambani walikuwa wanaamshwa alfajiri kwa kugonga kipande cha reli kilichoning'inizwa mtini. Mzee alipoacha mkonge na kujenga kwake, karibu na nyumba palifunguliwa shule, nayo ikagonga reli asubuhi. Basi kila siku, mzee mwenye wajukuu, ikigongwa reli ile alikuwa anakurupuka kitandani na kupapasa ukutani anatafuta panga. Mpaka mkewe amshike mkono, "Baba fulani, uko nyumbani." Ndipo akae.

Kurasa 140 za kauntabuku zangu hazikuwa na kitu kama hicho. Simba wote wawili hawamfikii mzee yule anayepapasa ukuta.

Enyi wenzangu mnaotaka kuandika, msinielewe vibaya. Sisemi riwaya iwe hati ya mahakamani. Visanduku vitatu nimevipata kwa Bibi, cha nne itabidi nikibuni mwenyewe, na hiyo ndiyo kazi yetu. Lakini kubuni kwenye pengo ni jambo moja, na kubuni ili kuifunika karatasi ni jambo jingine. La pili nimelijaribu na limenishinda. Mzee aliyekatiwa wasifu wa uongo nafsi yake haimo, hata umpambe vipi. Na wazee wetu wengi waliofungua njia hawakuja wakiwa mashujaa. Walikuja wakiwa askari wa kukodi, wapagazi, watumwa, vibarua, wake waliokimbia waume. Walifika mahali wasipo na ndugu, wakafanya tuwepo. Sasa hilo ni aibu ya nani?

Baba mdogo bado amenuna. Nilimpelekea sura ya Kleist nikamtafsiria kwa mdomo. Alisikiliza mpaka kwenye mto Ruaha, akauliza, "Na hayo wameyaandika wenyewe?" Nikamwambia, wenyewe. Hakusema kitu. Lakini hakunifukuza, na chai nilikunywa.

Riwaya nimeianza upya. Kabla sijaanza nilikwenda kuomba ruhusa kwa mwenye sanduku, maana wa kuaibika wa kwanza ni yeye aliyebeba jina la nyumba ile miaka yote. Bibi alikuwa anachambua mchele. Hakuinua hata uso.

"Andika, mume wangu," akasema. "Ila jina lake liandike sawasawa. Wale walilikosea."